Lori linazima kwenye matuta, betri moja inachemka, breki zinawasha indiketa: nianzie wapi?

Dereva wa Arua

Wakubwa, salamu. Nina lori la Kijapani la mwaka 1993, tani saba, umeme wa volti 24, kichwa (kebini) cha kuinua. Napeleka simsim Kampala, narudi na magodoro, ndoo, sabuni, chochote kinacholipa. Injini haina neno. Umeme ndio umenitoa jasho mwaka huu mzima, na tangu mwezi wa sita umezidi.

Usiku nikikanyaga breki, taa ya breki ya kushoto inawaka kama kiberiti kilicholowa, halafu indiketa ya upande huohuo inawaka nami sijaigusa. Taniboi wangu anasema gari lina jini. Betri moja inachemka mpaka maji yanakauka ndani ya wiki mbili, ya pili haijai kamwe. Tangu Januari nimeshanunua betri mara mbili. Halafu hili linaloninyima usingizi: linazima. Si kila siku. Likipiga tuta vibaya, au shimo, injini inakata kimya kama mtu amezungusha ufunguo. Wiki iliyopita lilizima saa tatu usiku kati ya Karuma na Pakwach, pale kando ya mbuga ya Murchison, ambapo ukishuka na tochi hujui utakutana na nyani au tembo. Tulikaa ndani dakika ishirini tukisikiliza majani. Nikajaribu tena, likawaka kama halikufanya kosa lolote.

Nimebadilisha altaneta, ile dinamo inayochaji betri (mtumba), swichi ya ufunguo, na fyuzi zote. Fundi mmoja akanivutia waya mpya kutoka betri hadi dashibodi, akauzungushia utepe mweusi kama bandeji. Jumla nimetumia shilingi 1,400,000, ugonjwa uko palepale. Nani amewahi kukutana na kitu hiki?

Kijana wa Bweyale

Altaneta hiyo. Mtumba ni bahati nasibu. Tafuta nyingine.

Dereva wa Arua

Nimeipima, inatoa volti 28 na kidogo. Sinunui ya tatu.

Mama Malori, Mbale

Kaka, kabla hujafika mbali: redio yako imefungwa wapi?

Nauliza kwa sababu mimi nina malori mawili, na moja lilinila betri nne kabla sijapata akili. Lori lina volti 24 kwa sababu betri mbili za 12 zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine. Redio ni ya 12. Basi dereva wangu, mjanja, akachukua moto, yaani umeme, kwenye betri moja tu. Ikafanya kazi vizuri sana, na hapo ndipo ubaya ulipo. Betri hiyo inachotwa kila siku, mwenzake inapumzika. Altaneta haijui kuna betri mbili, inaona jumla tu, inasukuma moto uleule kupitia zote. Iliyoshiba inalishwa kwa nguvu mpaka inachemka, yenye njaa inabaki na njaa. Ni kama maksai wawili kwenye nira moja, mmoja umemfunga gunia mgongoni.

Kwa hiyo hiyo 28 yako isikutulize. Washa injini, pima kila betri peke yake, uje utuambie.

Fundi Waya, Tororo

Mama amesema kweli, la betri siligusi.

Wewe kijana, kosa lako na la mafundi wako ni kutafuta mchawi mmoja. Haya ni magonjwa matatu yaliyokutana kwenye gari moja, kila moja lina mzazi wake. Ukitibu moja na mengine yakabaki, unasema dawa haikufaa, unaitupa.

La breki. Umeme lazima urudi betri, na kwenye lori njia yake ya kurudi ni chuma chenyewe cha gari. Mafundi wengi wanaupenda waya wa kwenda kwa sababu una rangi na una fyuzi. Njia ya kurudi hawaikumbuki. Sasa moto ukifika kwenye balbu ya breki ukakuta mlango wa kurudi umefungwa, haukai pale. Unapita kwa jirani, ndani ya balbu ya indiketa, unapanda waya wake kinyumenyume mpaka indiketa ya mbele, huko ndiko unapata chuma. Ndiyo maana taa ya breki imefifia: moto wake umezunguka mji mzima. Mtume taniboi asimame mbele kushoto ukanyage breki. Ya mbele nayo itakuwa inawaka kwa mbali. Jini hajui njia hiyo, waya ndio unaijua.

Umesema limezidi tangu mwezi wa sita. Bodi la mizigo ulitengeneza lini?

Usijibu kwa kukumbuka tu, pima. Mita ya bei ndogo inatosha, iweke kwenye volti. Ncha moja kwenye hasi ya betri, ile iliyofungwa kwenye fremu. Ncha ya pili kwenye chuma cha taa ya nyuma, kwenye chuma hasa, si juu ya rangi. Breki ikanyagwe. Njia ikiwa safi utaona karibu na sifuri. Ikipita nusu volti, kuna kutu au rangi katikati. Na kazi hii ifanye taa zikiwa zinawaka. Waya ulioshikiliwa na uzi mmoja utakupa jibu zuri kabisa kama hakuna mzigo juu yake, ukiupa mzigo unakuaibisha.

La kuzima: injini yako unaizima kwa kuvuta kamba, au kwa ufunguo? Kama ni kwa ufunguo, nenda kwenye pampu ya dizeli utazame. Kuna zinazohitaji moto ili ZIZIME, hizo ukikosa moto zinaendelea kuunguruma. Na kuna zenye solenoidi, yaani kizibo kinachovutwa na sumaku ya umeme, inayohitaji moto muda wote ili kuruhusu mafuta yapite. Hiyo ukiikatia moto hata kwa kufumba jicho, injini imekufa. Nadhani yako ni hii ya pili.

Dereva wa Arua

Fundi, ni ya ufunguo, na ina solenoidi kwenye pampu. Nikifungua ufunguo inasema "ta". Na bodi... nilibadilisha mbao mwezi wa tano, wakachomelea vyuma, wakapiga rangi nyekundu kila mahali. Hata taa wamezipaka pembeni.

Fundi Waya, Tororo

Rangi nzuri, umeme mbaya. Na nakuombea walivua waya za betri kabla ya kuchomelea.

Kwa solenoidi fanya hivi. Chukua taa ya kupimia, ishike kwenye waya wa solenoidi, fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa inawaka. Sasa inueni kichwa cha gari polepole, polepole kabisa, na jicho lisitoke kwenye taa. Waya zote za kichwa zinapita pale kwenye bawaba, zimekunjwa na kukunjuliwa miaka zaidi ya 30. Shaba inakatika ndani, ganda la nje linabaki zima, ukilitazama unaapa hamna kitu. Kama taa haizimi, vuta waya mrefu, uiweke taa mbele yako kwenye dashibodi, uende barabarani. Gari likizima na taa imezima, tafuta waya. Likizima na taa inawaka, achana na umeme, nenda kwenye dizeli.

Dereva wa Arua

Nimerudi baada ya siku tisa.

Betri: injini ikiwaka, moja ilisoma 15.3, ya pili 12.8. Zijumlishe, 28.1. Mama, nimekuvulia kofia. Redio na chaja mbili zote zilikuwa kwenye hiyo ya pili. Kumbe kuna zaidi: kila tukilala Bweyale au Pakwach, taniboi alikuwa anachajia watu simu kebini, shilingi 500 kila simu! Nimeuliza tangu lini, ananiambia tangu Krismasi. Nimenunua kigeuzi cha 24 kwenda 12, kimekaa kwenye betri zote mbili. Biashara yake haijafa, ila sasa tunagawana.

Taa: kwenye chuma cha taa ya kushoto nilipata volti 6.2 breki zikikanyagwa. Mtu wa mbele akapiga kelele kwamba indiketa inawaka. Nikafungua, nikasugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, nikaongeza waya mnene kutoka bodi hadi fremu, nikapaka grisi juu. Sasa inasoma 0.1.

Kuzima: kichwa kilipofika nusu, taa ikafa. Tukakishusha kidogo, ikafufuka. Nilipasua ganda pale kwenye bawaba, ndani nikakuta nyuzi mbili tu za shaba zimeshikana, nyingine zimekuwa unga wa kijani. Nimeunga kwa risasi ya kuchomea, nimeacha waya ulegee kidogo usivutwe. Tumeshakwenda Kampala na kurudi, matuta yote ya Nebbi nimeyapiga kwa makusudi.

Limebaki moja. Nikikata kona kulia, honi inalia yenyewe. Pale mjini watu wananisalimia.

Fundi Waya, Tororo

Ng'oa kifuniko cha katikati ya usukani. Waya wa honi uliochubuka unagusa chuma ukizunguka. Betri vua kwanza.