Ushauri: kupima mabaki ya sumu kwenye kihamba cha kahawa, Kibosho

Kihamba_Kibosho: Wakuu, habari za leo, na shikamooni wakubwa. Marehemu baba aliniachia kihamba kilicholimwa kahawa miaka mingi. Namkumbuka akirudi shambani, bomba limevuja, shati lote bluu mgongoni kwa mrututu, dawa ya kuzuia chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa. Upande mmoja nimeng'oa mibuni, nataka karoti na mchicha wa kula na wanangu. Mwenye duka la pembejeo alinipimia pH akasema udongo hauna shida. Moyo wangu haujatulia. Nipime wapi, na udongo nauchukuaje?

Mama_Tengeru: Pole sana mdogo wangu. pH ni uchachu tu, sumu haionekani hapo. Wasiliana na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, Ngaramtoni, Arusha, ile iliyokuwa TPRI, uulize gharama. Waandikie majina ya dawa zote alizotumia mzee, maana kila kundi la sumu lina kipimo chake.

Mtu_wa_Maabara: Kaka, majibu mengi huharibikia shambani kabla sampuli haijafika kwetu. Tembea zigizaga, chimba sehemu 15 hadi 20, sentimita 20 kwenda chini, changanya vizuri, chukua kama kilo moja. Usianike juani, sumu nyingine hupotea. Funga kwa foili au weka kwenye chupa ya kioo. Plastiki huachia kemikali zake zikavuruga kipimo. Tia kwenye deli lenye barafu, ufikishe siku hiyohiyo.

Sasa la muhimu kuliko yote: mrututu ni shaba. Mashine ya gesi kromatografia inayosoma DDT, ile sumu ya wadudu ya zamani, na wenzake haiioni shaba kabisa, na shaba haiozi ardhini hata ipite miaka 50. Omba kipimo cha madini ya shaba pembeni, la sivyo utaletewa karatasi safi na shamba bado limejaa shaba. Kwenye DDT, angalia na DDE, ndiyo mabaki yake ikishavunjika. DDE ikizidi, basi ile sumu ni ya zamani.

Mzee alikuwa anachanganyia dawa wapi?

Kihamba_Kibosho: Chini ya mparachichi, kando ya mfereji, kwa kuwa maji yalikuwa karibu. Ndipo nilipopanga kuweka kitalu cha mchicha.

Mtu_wa_Maabara: Kitalu kihamishe leo. Hapo chukua sampuli ya peke yake, na nyingine bondeni mfereji unakoelekea. Usizichanganye na za shamba.