Nimtafute wapi afisa wa kikosi cha farasi aliyefia Mahiwa mwaka 1917?

Mkazi wa Kinondoni
Waungwana, habari za wakati huu. Rafiki yangu aliyeko Uingereza ameniomba nimwekee shada la maua babu wa baba yake, afisa wa kikosi cha farasi aliyeazimwa kwenye kikosi cha miguu akafia Mahiwa, Lindi, Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Nimekwenda Makaburi ya Vita, Barabara ya Bagamoyo, nikapita safu baada ya safu za mawe yenye kimo kimoja, bila kuliona jina lake. Nimtafute wapi, na kadi iandikwe nini?

Mwalimu Mstaafu
Ndugu, pengine kaburi lake halijulikani. Humohumo ndani upo mnara wa Waingereza na Wahindi wenye majina zaidi ya 1,500 ya waliofariki kuanzia Januari 1917 na ambao hawana kaburi linalojulikana. Waliotangulia kufa wamekumbukwa Nairobi. Anza na kikosi chake cha asili, si kile alichoazimwa. Wala usishangae kwamba mtu wa farasi alikufa akitembea, kwa sababu mbung'o hawakuchagua cheo: brigedi ya Van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini aliyepigana upande wa Waingereza, iliingia Kondoa Aprili 1916 ikiwa imekwisha kupoteza farasi wengi mno, na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ikaendelea kuwamaliza waliobaki.

Kitukuu wa Mpagazi
Shada ni haki yake, sina neno. Ila naomba usitoke bila kupita kwenye makaburi ya pamoja. Makaburi yalipohamishwa kutoka Barabara ya Ocean mwaka 1968 kupisha ujenzi wa barabara, Waafrika ambao hawakuwa wamewekewa alama ya mmoja mmoja walizikwa upya kwa pamoja, na hadi leo hakuna awezaye kumwonyesha mtu kaburi la babu yake. Tume ya makaburi hayo iliomba radhi mwaka 2021 kwa ubaguzi wa namna hiyo. Sisi wa Kariakoo, mtaa uliopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa vita hivyo (kwa Kiingereza "Carrier Corps"), radhi tumeisikia, majina bado.

Mkazi wa Kinondoni
Ahsanteni sana. Nimerudi leo asubuhi na jina nimelipata, chini ya kikosi chake cha farasi kama alivyosema Mwalimu. Kwenye kadi nimeandika jina, cheo, kikosi na "alifia Mahiwa"; neno "shujaa" rafiki yangu mwenyewe amelikataa. Yale makaburi ya pamoja nimeyapitia pia, na nimemtumia picha zake, naye sasa anauliza waliozikwa pale walikuwa akina nani.