Naongea Kimandarini, Kikantoni kinanitoa jasho. Nianzie wapi?

Mbeba_Mizigo: Wakuu, habari za mihangaiko. Nipo Guangzhou mwaka wa tatu, natuma mizigo Dar. Kimandarini, Kichina rasmi cha nchi nzima, nilikisoma chuo, kinapanda. Shida nimehamia Liwan, mtaa wa wenyeji, na mama mwenye nyumba akianza Kikantoni, Kichina cha wenyeji wa huku, nabaki bubu. Nilidhani ni kama Mmombasa na Muunguja. Wapi! Naomba ushauri.

BintiWete: Pole kaka. Hiyo si lafudhi tu, ni kama Kiswahili na Kisukuma: ndugu, lakini hawaelewani. Maandishi ndiyo yanayokudanganya. Bango unalisoma vizuri, likitamkwa hola. Wewe kula ni chī, wao sik. Kunywa kwako ni hē, kwao yam.

Mzee wa Kontena: Kwanza, unataka kuongea na nani? Kama ni vitambaa pale soko la Zhongda, wauzaji wengi ni wa kuja kutoka mikoa mingine. Kikantoni chako watakitolea macho tu.

Mbeba_Mizigo: Hapana mzee, biashara Kimandarini kinatosha. Nataka kuongea na huyu mama, na wazee wa chai ya asubuhi hapo chini.

Daftari Jekundu: Basi huanzii sifuri, mkuu. Penye j ya Kimandarini mara nyingi utakuta g: jiǔ, tisa, ni gau, jiā, nyumbani, ni gaa. Na miisho ya maneno iliyodondoka au kubadilika Kimandarini, Kikantoni bado kinayo: shí, kumi, ni sap, bā, nane, ni baat, sān, tatu, ni saam. Mimi nilijaza daftari zima la jozi kama hizo, baadaye nikawa nakisia mwenyewe na kupatia. Toni, yaani sauti kupanda na kushuka, ndizo zinazoua. Umezoea nne, huku ni sita. "Si" kwa toni moja ni shairi, kwa nyingine wakati, nyingine soko, nyingine kinyesi (msiniulize nimejuaje). Tafuta masomo yenye Jyutping, mfumo wa herufi za Kirumi uliotungwa Hong Kong mwaka 1993. Kila silabi inabeba namba ya toni yake.

BintiWete: Na asante zao ni mbili! Ukipewa zawadi, do ze. Ukifunguliwa mlango, m goi. Mlinzi wa geti letu nilimpa do ze mwezi mzima, kumbe anajichekea.

Mbeba_Mizigo: Mrejesho: leo mama kanishikia lifti, nikamwambia m goi. Kafurahi, akanimwagia maneno mpaka ghorofa ya saba. Nimeambulia "sik" tu. Nadhani kaniuliza kama nimekula.