Nina A ya maikrobaiolojia na sikuweza kuhesabu bakteria kwa maji ya ziwa. Hizi digrii zinapima nini?

Makomredi, na nyinyi wazazi mnaolipa fii, leo naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nipunguze, juu nimenyamaza miaka minne.

Nko mwaka wa nne, digrii ya sayansi upande wa baiolojia, chuo fulani huku pande za Kisumu. Jina sitaji, najua wengi wenu mtasoma mdhani ni kwenu. Juzi nimemaliza atachimenti kwa labu moja ya maji na hapo ndio macho yalifunguka. Wiki ya kwanza tu, tumetoka kuchota maji ufuoni pande za Dunga, penye watu wanafua, wanaosha boda na kuchota ya kunywa hapo hapo, mzee wa labu ananipangia vichupa vya mililita 9 za maji safi ananiambia nipunguze makali ya yale ya ziwa kumi kumi hadi elfu moja halafu nipake kwa agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria. Hiyo kitu naijua jamani. Ungeniamsha saa nane usiku ningekuandikia ukurasa mzima, maana yake, umuhimu wake, faida tano na hasara tatu. Nikashika pipeti. Nikatoa mililita moja kwa chupa ya ziwa nikaweka kwa kichupa cha kwanza, na bila kutikisa, bila kubadilisha kichwa cha pipeti, nikaingia na ile ile kwa kichupa cha pili. Mzee akaniwekea mkono begani akasema simama, mwaga, anza upya.

Tukaanza upya. Siku mbili baadaye tunatoa sahani kwa inkubeta, ile ya elfu moja ina vidoa 84, kila kidoa kimeota kutoka kwa bakteria mmoja, nimevihesabu moja moja na kalamu ya maka nyuma ya kioo, nikafurahi juu inafaa iwe kati ya 30 na 300 na hiyo niliikariri. Nikaandika kwa kitabu: bakteria 84,000 kwa mililita. Mzee akaangalia, akaangalia tena, akaniuliza pole pole, "Nyathina (mwanangu), kwa sahani uliweka maji kiasi gani?" Nikasema desimali moja ya mililita. Akanyamaza akaningoja. Nilikaa hapo karibu dakika nzima kabla nielewe kwamba kama nimeweka sehemu moja tu ya kumi ya mililita basi lazima nizidishe mara kumi tena, jibu ni 840,000. Mara kumi! Na hiyo ndio ingeenda kwa ripoti ya maji yenye watoto wa watu wanakunywa.

Na mimi ndio nina A. Hiyo A imeandikwa kwa portal, mama yangu ameiona, amewaonyesha watu wa kanisa.

Sasa niwaambie venye niliipata. Kwetu CAT, ile mitihani midogo ya katikati ya semista, ni asilimia 30, mtihani wa mwisho 70, ukipata 40 umepita. CAT ya kwanza: taja sifa saba za bakteria. CAT ya pili: taja, fafanua, orodhesha. Mtihani wa mwisho, nje ya geti kuna kibanda cha fotokopi, mama mmoja hapo anauza past pepa za kila yuniti amezifunga na stepla, miaka mitano pamoja, na huyo mama hajawahi kukanyaga labu maishani mwake lakini atakuambia "hii ya tofauti ya mitosisi na meiosisi haikosi, na hii ya ukuta wa seli inarudi kila mwaka wa pili." Na ni ukweli! Nilinunua, nikakaa siku nne Nyalenda na ndoo ya chai, nikakremu, nikaenda nikatapika yote kwa karatasi, nikapewa A. Wenye hawakukremu walibeba mwakenya, vikaratasi vya kuibia mtihani, kwa soksi nao wakapata B. Nani kati yetu alipimwa kama anajua baiolojia? Hakuna. Kama muuza fotokopi anaweza kukisia mtihani wenu mwaka baada ya mwaka basi hiyo ni mashairi ya kukariri, mtihani haupo hapo.

Kitu inaniuma zaidi ni kwamba chuo chenyewe kimeandika kinataka nini. Kila kozi autlaini tunayopewa wiki ya kwanza ina ile sehemu ya matokeo yanayotarajiwa, "kufikia mwisho wa yuniti hii mwanafunzi ataweza..." Ni lazima waandike, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu haiwezi kupitisha programu bila hayo. Basi wikendi iliyopita nikachukua autlaini ya maikrobaiolojia nikaiweka mezani na past pepa za miaka mitano kando yake, nikachukua kalamu nyekundu. Autlaini ina matokeo sita. La tatu linasema mwanafunzi ataweza kukuza na kuhesabu vijidudu kutoka kwa sampuli. La nne ataweza kuchambua data na kutoa hitimisho. La sita ataweza kupanga jaribio lake mwenyewe. Nikapitia maswali yote ya miaka mitano natafuta swali hata moja lenye jedwali, lenye grafu, lenye nambari ya kukokotoa, lenye kusema "panga jaribio". Sifuri. Yote yanaanguka kwa lile la kwanza, ataweza kueleza sifa za vijidudu. Yaani matokeo matatu yameandikwa, yamesainiwa, yamepelekwa kwa tume, na hakuna binadamu amewahi kuuliza kama tumeyafikia.

Sijui kama mnanielewa. Idara inakaa kikao inasema asilimia kubwa imepita, programu iko sawa. Imepita nini?

Mtasema kuna praktikali. Wacha niwaambie kuhusu praktikali. Tuko watu kumi na wawili kwa maikroskopu moja, na kila grupu ina yule mtu mmoja mwenye mkono mwepesi, yeye ndio anashika kila wiki, sisi wengine tunachungulia sekunde tano tunasema "eeh nimeona" hata kama tumeona kope zetu wenyewe. Halafu ripoti, kila mtu anaandika yake lakini kila mtu anajua kuna fleshi ina ripoti za walio mbele yetu, unabadilisha tarehe. Na inasahihishwa kwa usafi! Mchoro uwe wa penseli kali, mistari isikatane, kichwa kipigwe mstari. Nimewahi kupata 9 kwa 10 ya slaidi yenye sikuiona kabisa siku hiyo juu nilikuwa nimechelewa matatu Kondele.

Na ukitaka kujua venye hii ni aibu, kumbuka KCSE. Baiolojia pepa ya tatu, maksi 40, kila mtoto na meza yake na spesimeni yake na vichupa vyake vya iodini na Benedict, hata ile shule ya deyi huko Vihiga penye nilisoma, labu moja ya mabati, walimu walikesha wakipanga ili kila mmoja afanye na mikono yake. Nilimwaga iodini kwa sketi nikalia lakini nilimaliza na nilipimwa MIMI. Fomu foo nilipimwa vizuri kuliko nilivyopimwa miaka minne ya chuo kikuu. Hiyo sentensi nimeiandika nikaifuta mara mbili nikidhani nimezidisha. Sijazidisha.

Sasa kabla hamjaanza na ile ya "pesa hakuna, vifaa hakuna", sikizeni. Kuuliza swali zuri hakuhitaji maikroskopu. Chukua seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, huku kwetu nyanza na magharibi kila ukoo unajua mtoto mmoja. Sisi tuliulizwa "eleza anemia ya seli mundu, maksi 10", unaandika hadithi yote ya himoglobini umemaliza. Si ungenipa nambari? Mfano wa kubuni: watoto 1,000 wamepimwa, 40 ni SS, yaani wamerithi jeni ya ugonjwa kwa wazazi wote wawili, kama hakuna kinachochagua yeyote utarajie wabebaji wangapi, wale wenye jeni moja tu? Mtu mwenye ameelewa anaona 40 kwa 1,000 ni 0.04, kipeuo chake cha pili ni 0.2, wabebaji ni mara mbili ya 0.2 mara 0.8, hiyo ni 320. Halafu muulize, kama kwa watu wazima wabebaji wamepatikana wengi kuliko hao, ni kwa nini? Hapo ataleta malaria mwenyewe, kwamba mbebaji haimlemei sana, ataleta mageuzi ya viumbe, ataleta mbu wa kwao. Karatasi moja na kalamu. Na hilo swali ukibadilisha nambari mwakani mama wa fotokopi hana la kuuza.

Nimesoma hii maneno nikiandika proposo ya projekti, na wenzetu walishughulika nayo zamani. Ngazi za kujifunza za Benjamin Bloom zimekuwako tangu 1956, kukumbuka ndio ngazi ya chini kabisa, na sisi tumejenga nyumba hapo. Marekani mwaka 2011 shirika lao la sayansi, AAAS, likatoa ripoti ya kurekebisha baiolojia ya vyuo, wakakubaliana mambo makuu matano yenye mtu anafaa kuondoka nayo: mageuzi, umbo na kazi, safari ya habari za jeni, safari ya nishati na maada, na mifumo. Wakaongeza na ujuzi, kutumia njia ya sayansi, kutumia hesabu, kueleza watu. Halafu watu wakakaa wakatengeneza maswali ya kupima hayo hayo, unampa mwanafunzi akiingia, unampa tena katikati, unampa akitoka, unaona amesonga wapi na amekwama wapi, na kama darasa zima limekwama mahali pamoja unajua shida ni programu na unairekebisha. Sisi hakuna mtu amewahi kutupima tukiingia. Skripti za CAT zikirudi, kama zimerudi, zina nambari nyekundu juu na kimya chini. Nilikosea wapi? Hujui. Unaenda sapu, mtihani wa kurudia, na makosa yako yale yale.

Kitu chetu cha kujisifu ni ile fomu ya portal, ile lazima ujaze ndio ufunguliwe matokeo. Mhadhiri alikuja kwa wakati? Moja hadi tano. Alivaa vizuri, sijui aliongea wazi? Moja hadi tano. Kila mtu anabonyeza nne nne nne aone maksi zake. Hiyo wanaiita tathmini ya masomo. Hakuna mahali imeniuliza kama najua kitu.

Na hapa lazima niseme ukweli wote, hata sehemu yenye inanichoma. Mwaka wa pili tulikuwa na mhadhiri wa ikolojia, pati taima, anatoka mbali na basi, na alijaribu. Kwa CAT alituletea grafu ya mbuta na samaki wadogo wa ziwa, mbuta ambaye aliletwa ziwani miaka ya hamsini, akasema hatutaki historia, niambie hii mistari inapishana kwa nini na mwaka unaofuata utatarajia nini. Darasa likaanguka vibaya. Na tulifanya nini? Tuliandika barua kwa idara tukasema amefundisha kingine ametahini kingine, swali halikuwa kwa noti, na mimi nilisaini. Jina langu liko namba kumi na nne. CAT ikafutwa, akaambiwa atoe nyingine, akatoa "taja aina tano za uhusiano wa viumbe", tukapita wote tukapiga makofi. Semista iliyofuata hakurudi. Nimemfikiria huyo mwalimu kila siku tangu ile siku ya sahani ya 84, na popote alipo, mwalimu, nakuomba radhi.

Kwa hivyo najua lawama sio ya wahadhiri pekee. Mtu anasahihisha skripti mia tatu, hajalipwa tangu mwaka jana, mgomo wa 2025 umekula wiki za semista halafu tunaambiwa silabasi imalizwe vile vile, huyo mtu ataleta swali la "taja" juu linasahihishwa haraka, namuelewa. Yule simuelewi ni mwenye kukaa ofisini na kusaini kwamba matokeo yote sita yamefikiwa.

Na wale watoto wa CBC, mtaala mpya wa umilisi, wanakuja 2029. Wamepimwa kwa kutenda tangu shule ya msingi, wamepanda sukuma, wamebeba miradi. Watafika waambiwe orodhesha.

Jumatatu asubuhi naenda kwa mwenyekiti wa idara. Nimechapisha ile autlaini, past pepa tano, na alama zangu za kalamu nyekundu, shilingi mia moja na themanini, na ndio, ni kwa yule yule mama wa fotokopi. Nataka vitu viwili tu: praktikali ya mwisho ya mtu mmoja mmoja kwa meza yake, hata ya dakika kumi na tano, na angalau thuluthi ya kila mtihani iwe data yenye hatujawahi kuona. Klasi rep amesema atakuja, wengine wananiambia nimalize nigraduwet niachane nayo. Kama uko chuo kingine hapa magharibi ama Nakuru na mlishawahi kufanya mtihani wa labu kila mtu peke yake, niandikie hapa chini ilipangwa aje, mlikuwa wangapi na vifaa vilitosha aje, niingie kwa hiyo ofisi nikiwa na mfano mkononi.