Tunalipa mkopo wa shemeji kwa dhamana ya mume wangu, na kwenye zaka hatuelewani

mama_neema
Bwana asifiwe wapendwa. Nitaandika kirefu mnivumilie. Mume wangu alimdhamini mdogo wake kwenye mkopo wa biashara, biashara ikafa, shemeji akaacha kupokea simu, wenye pesa wakaja kwetu na siwezi kuwalaumu maana saini ya mume wangu ipo pale chini. Na sisi wenyewe tulikuwa na mkopo wetu wa nyumba, kwa hiyo mshahara ukiingia umeshagawanywa tayari, ninachobaki nacho ni meseji ya benki tu.

Sasa mambo mawili yananisumbua. La kwanza zaka. Mimi ndo naandika matumizi ya nyumba na naona kabisa tukipunguza sadaka kwa muda tutapumua, mume wangu hataki hata kulisikia, anasema Malaki 3, pale Mungu anapoagiza zaka kamili iletwe, haina mwezi wa mapumziko. La pili ni aibu, kila ukimshirikisha mtu anakutupia Warumi 13:8 "msiwiwe na mtu cho chote" halafu anaondoka zake, yaani kama vile mimi sijui kusoma. Kuna Neno gani la kunisaidia mtu ambaye TAYARI nadaiwa?

Na nikisali Baba Yetu pale kwenye wadeni wetu nanyamaza, nisiwadanganye.

mtumishi_wa_jioni
Pole sana dada. Hao wanaokutupia Warumi 13:8 waambie waanze mstari wa 7, Paulo anasema wapeni wote haki zao, mwenye kodi apewe kodi. Ukilipa rejesho lako kila mwezi unautii mstari huo, huuvunji. Mtu wa Zaburi 37:21 ni yule anayekopa halafu halipi, na nyie mnalipa hata ambacho hamkukila.

Ila nakushauri usome 2 Wafalme 4 mstari wa 1 hadi 7 taratibu, usiikimbilie miujiza. Yule mama ni mjane wa mtumishi wa Mungu kabisa, mume aliyemcha Bwana, na bado aliacha deni na mdai anakuja kuchukua watoto wawili wawe watumwa. Kwa hiyo lile wazo kwamba mcha Mungu hadaiwi limekufa mstari wa kwanza tu. Halafu Elisha hamuulizi ilikuwaje mkakopa, anamuuliza "una kitu gani nyumbani?" Mama anasema sina kitu ila chupa ya mafuta. Anaambiwa aazime vyombo kwa majirani, maana yake majirani wote walijua kuna jambo, asingeweza kuficha aibu na kukusanya vyombo kwa wakati mmoja. Watoto nao wakawa ndani wanamletea vyombo yeye anamimina, deni la nyumba likashughulikiwa na nyumba nzima. Mwisho anaambiwa kauze, ulipe deni, KISHA mle kinachobaki. Mungu alitoa mafuta lakini kuuza na kupeleka pesa kwa mdai ilibaki kazi ya mama.

Kwa hiyo swali langu kwako ni lilelile la Elisha. Kuna nini humo ndani kinachoweza kuuzwa, kukodishwa, au ujuzi ambao unalala tu?

kaka_wa_hesabu
Mi niongelee dhamana maana watu wengi wanaichukulia kama upole tu. Mithali 6:1-5 iko wazi, ukishajifunga kwa kinywa chako nenda UNYENYEKEE, umsihi, usilale usingizi mpaka ujiponye kama paa mkononi mwa mwindaji. Angalia haisemi jifiche wala haisemi funga na uombe mpaka wasahau, inasema enenda.

Kwa vitendo: nendeni kwa mkopeshaji kabla hajawatumia notisi nyingine, ombeni salio kwa maandishi, mtaji kiasi gani, riba kiasi gani, faini kiasi gani. Hizo tatu zikiwa zimechanganywa mnaweza kulipa mwaka mzima mtaji usisogee. Ulizeni kama wanaweza kurefusha muda ili rejesho lishuke, ila mjue muda ukirefuka riba ya jumla huwa inapanda, msishangilie rejesho dogo bila kupiga hesabu ya mwisho. Na ombeni faini zisimame kama mtalipa bila kuruka. Wengi wanakubali kwa sababu mtu anayelipa kidogo ni afadhali kwao kuliko kesi.

Kama madeni ni zaidi ya moja, lenye riba kubwa ndo lipewe kila senti ya ziada, mengine mpe kiwango cha chini tu. Kuna wanaoanza na dogo ili wapate moyo, sawa, lakini kihesabu inakugharimu. Na tafadhali msichukue mkopo wa simu kulipia mkopo wa ofisi, hapo mnahama chumba tu, nyumba ni ileile inaungua.

binti_wa_Sayuni
Kuhusu zaka mimi niko na baba wa nyumba. Malaki 3:10 ni sehemu Mungu mwenyewe anasema mnijaribu. Ukianza kumpunguzia Mungu ili umlipe mwanadamu, kesho utapunguza na maombi. Sisi tulitoa tukiwa na madeni na hatukulala njaa.

mtumishi_wa_jioni
Binti nakuheshimu, na ushuhuda wako siupingi. Ila Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliokuwa wanamwambia baba au mama yao kwamba kile ambacho kingekusaidia wewe ni korbani, nimeshakiweka wakfu. Walikuwa wanamtolea Mungu, na akasema wanalitangua neno la Mungu. Na Mathayo 5:23-24 sadaka inaachwa mbele ya madhabahu kwanza, unakwenda kupatana na ndugu yako, ndipo unarudi kuitoa. Sisemi mama_neema aache kutoa, nasema pesa iliyoahidiwa mtu kwa saini siyo ya kwangu tena kuwa mkarimu nayo.

Na jambo lenyewe msiamue kila mtu kivyake. Mke akipunguza kimyakimya au mume akatoa kimyakimya, mtakuwa mmeongeza tatizo la pili ambalo halina ratiba ya marejesho.

mzee_mkopeshaji
Wanangu, mimi niko upande wa pili, mimi sidaiwi na watu, mimi ndo nawadai, kwa hiyo nisikilizeni kidogo. Mtu anayekuja mwenyewe kabla ya tarehe na kusema mwezi huu nina nusu, huyo silali nikimuwaza. Anayezima simu ndo anayenifanya nikumbuke mkataba. Torati imetubana sana sisi wakopeshaji, Kumbukumbu 24 inasema ukienda kuchukua rehani usiingie nyumbani mwa mtu, usimame nje akuletee mwenyewe, na jiwe la kusagia usilichukue maana ni kuchukua uhai wa mtu. Nehemia 5 aliwakemea wakuu waliowatoza ndugu zao riba mpaka wakaweka mashamba rehani, akawaambia wawarudishie mashamba yao. Kwa hiyo mwanangu usimwendee mdai kama mtu asiye na haki, una deni lakini heshima yako bado ipo.

Na huyo shemeji. Kumsamehe na kumfutia ni vitu viwili. Filemoni ni barua ya kumpokea mtu kwa upendo na bado Paulo ndani yake anaandika hesabu, kama anadaiwa kitu kiandike juu yangu, mimi nitalipa. Mwiteni aandike kiasi atakachorudisha, hata kidogo. Mume wako ndo amwite, siyo wewe mke, ukimwita wewe itageuka vita ya ukoo.

mama_neema
Asanteni sana, mzee shikamoo na ubarikiwe. Nimemsomea mume wangu yote jana usiku. Ya korbani hakujibu, alichukua Biblia akasoma mwenyewe, akasema tutaongea na mchungaji kabla ya mwezi kuisha, kwa hiyo hatujakubaliana bado. Ila kwenda kuomba salio kwa maandishi amekubali na ameshampigia mdogo wake, simu haikupokelewa, akamtumia meseji.

Kwa kaka_wa_hesabu: tukienda pale tuende na nini mkononi? Naogopa watatuzungusha.

kaka_wa_hesabu
Nakala ya mkataba, risiti zote mlizolipa, na karatasi moja tu ya mapato na matumizi yenu, isiyo na chumvi. Barua ya maombi iandikeni nakala mbili, yenu igongwe muhuri ya kupokelewa. Kiwango mtakachoahidi kiwe kile mnachokiweza kwenye mwezi mbaya, siyo mwezi mzuri. Luka 14:28, keti kwanza upige hesabu. Akisema rudini kesho muulizeni jina la anayehusika na mliandike hapohapo.