Presha kuka na sola mtaani: tuliambie shirika la umeme au tukae kimya?

Mpangaji wa Chuno: Wadau, mtaani kwetu hapa Mtwara transfoma ni moja, ya kVA 50, yaani haizidi kilowati 50. Ikifika saa moja jioni taa zinakuwa rangi ya chungwa, feni inazunguka kama inabembelezwa. Tangu presha kuka za umeme zishamiri, hali imezidi. Hoja yangu: ukinunua jiko la umeme au ukifunga sola, ujiandikishe, ili wanaopanga laini wajue pa kuongeza transfoma. Mnasemaje?

Fundi Waya: Naunga mkono. Presha kuka moja inavuta kama kilowati 1. Nyumba 60 zikiwasha kwa mpigo, transfoma hiyo imeshazidiwa kabla hujahesabu friji. Bahati nzuri haziwaki zote dakika moja, na ikishapata presha inajikata. Mpangaji wa laini anakadiria ngapi zitagongana. Sasa atakadiria nini kama hajui zipo?

Binti Mikindani: Nijiandikishe kwa sababu ya sufuria? Kesho mtadai kibali cha pasi.

Mzee wa Ligula: Hizo presha mnanunua kwa fasheni tu. Ming'oko, viazi vyetu vya porini, haipikwi kwa umeme, inatoka uji.

Binti Mikindani: Babu, shikamoo, lakini hapo umenigusa. Juzi nimechemsha ming'oko humo, dakika ishirini, imetoka mizima na maganda yanabanduka yenyewe. Wewe kuni umeziokota lini mara ya mwisho?

Mmwera wa Mtama: Dakika ishirini ni uongo. Labda ming'oko ya Mtwara, ile myembamba kama kamba za viatu. Njooni Lindi muone ming'oko.

Mpangaji wa Chuno: Jamani, transfoma!

Mzee wa Ligula: Transfoma gani? Gesi ya Mnazi Bay imegunduliwa 1982, bomba la kwenda Dar likakamilika 2015, leo mimi nijiandikishe kupika? Mwaka 2013 tulilipinga bomba hilo hapa Mtwara, mkatuona wakorofi.

Fundi Waya: Mzee wangu, gesi hata ikijaa bahari, waya wa mtaa ni uleule. Wote mkiwasha, nyumba ya mwisho kwenye laini inabaki na volti 180 badala ya 230. Uingereza mtu akifunga sola ndogo ya kuungwa na laini, isiyozidi ampea 16 kwa fezi (waya wa moto), anafunga kwanza kisha anatoa taarifa ndani ya siku 28. Taarifa tu, haombi ruhusa.

Mmwera wa Mtama: Uingereza umefika wewe?

Fundi Waya: Nimefika Newala. Kusoma hakuhitaji viza.

Binti Mikindani: Haya, sola yangu haijaungwa na laini, inachaji betri tu. Niandikishe nini? Mimi si ndiye ninayewapunguzia mzigo?

Fundi Waya: Unawapunguzia, dada, mpaka masika. Mawingu yakikaa siku tatu betri inakauka, unarudi kwenye laini, na wenzako wote wenye sola wanarudi jioni ileile. Kwa hiyo hawawezi kukufungia transfoma ndogo kwa sababu una sola. Wanatakiwa wapange kwa jioni ile mbaya kuliko zote, na hawajui mko wangapi.

Binti Mikindani: Hapo sawa. Nitatoa taarifa wakija kuuliza. Kupanga foleni siendi.

Mpangaji wa Chuno: Basi angalau mpike kwa zamu...

Mzee wa Ligula: Binti, hiyo ming'oko ulitia maji kiasi gani?