Ushauri: kazini wamenibandika jina, nashindwa kulivua

Mvua_ya_Vuli: Wakuu, habari za jioni. Ni mhandisi wa maji, nimesajiliwa, mwaka wa 9 kazini hapa Dar. Ofisini wamenipa jina, kuanzia mlinzi hadi bosi. Wanalitamka kwa upendo, ndipo ninapokwama. Ijumaa tunakabidhi mradi, michoro ya mitaro ni yangu, na bosi ndiye atakayenitambulisha kwa wageni. Nifanyeje?

Kibonge_Kkoo: Dada, jina la utani halijaua mtu. Mimi Kariakoo naitwa Kibonge mwaka wa 12 huu, wateja wananiulizia kwa jina hilohilo.

MamaWawili: Shukuru una kazi. Wangu wana digrii, wako sebuleni.

Mzee_Upanga: Mambo haya ya siku nyingi. Gertrude Mongella alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake wa 1995 kule Beijing, na 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Mtaani tukamwita Mama Beijing. Ilikuwa heshima, sikatai, ila wajukuu zangu wanalijua Beijing tu.

Nuru_K: Mleta uzi, mbona unazunguka? Jina gani?

Mvua_ya_Vuli: Mzungu. Nina ualbino. Mwezi uliopita mteja aliuliza nani kachora, bosi akasema, "Mzungu wetu huyu, mrembo wetu." Wakacheka. Baada ya hapo maswali yote ya mitaro akaulizwa kijana anayejitolea, niliyemfundisha mimi kusoma michoro.

Nuru_K: Hilo ndilo ungeanza nalo! Bosi umemwambia?

Mvua_ya_Vuli: Hapana. Barua ya kuacha kazi iko kwenye mkoba. Msinilaumu. Ofisi tatu zilinikataa zilipouona uso wangu, yeye akaniajiri. Nitaanzaje kumwambia ananidhalilisha?

Jicho_Pevu77: Hii chai. Ualbino, saiti, jua la Dar? Na michoro anaionaje? Akaunti yenyewe ya jana.

Kibonge_Kkoo: Hata mimi nimeanza kushtuka.

Binti_Pangani: Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa mbunge 2008, ana ualbino. Naye chai?

Jicho_Pevu77: Bungeni kuna kivuli.

Mvua_ya_Vuli: Kofia pana, mikono mirefu, losheni ya jua, saiti naingia saa 12 asubuhi. Mchoro naukuza kwenye kompyuta. Akaunti ni mpya kwa kuwa ya zamani ina jina langu. Maswali yako, kaka, ndiyo niliyoulizwa kwenye zile ofisi tatu.

Kibonge_Kkoo: Nisamehe dada. Mimi mtu akiniita Kibonge, bei ananiuliza mimi. Wewe wanakuita halafu wanamuuliza mwingine. Barua usiitoe kwanza, ongea naye kabla ya Ijumaa, wawili tu.

MamaWawili: Mwanangu, kamwambie. Anayekupenda atasikia.

Nuru_K: Ratiba ya Ijumaa anaandaa nani?

Mvua_ya_Vuli: Mimi. Nimeandika "Mhandisi" na majina yangu matatu. Kesho asubuhi nampelekea mwenyewe mkononi, na nitamwambia. Barua bado iko kwenye mkoba.